Baridi ya Lubisi

Wilbert Ishengoma alirudi kutoka Bukoba na jina la ugonjwa wa mkewe, lakini hakulisema. Alitoka nalo stendi, akashuka nalo Muleba, akapita nalo katikati ya migomba yake hadi ndani ya nyumba. Mkewe Jovina alimwuliza wakiwa bado ndani ya basi, "Wamesema ninaumwa nini?" Akajibiwa, "Pumzika kwanza." Alipouliza tena jioni, akaambiwa vidonge vimo kwenye mfuko wa kaki, ameze kama walivyoandika.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ile dirisha la dawa lilijaa watu. Jovina hakuweza kusimama kwenye foleni kwa jinsi magoti yalivyomvimba na kuwaka moto, akabaki kwenye benchi la mbali, mikono ameipakata kama kitu kilichokopwa. Wilbert ndiye aliyesimama. Nesi alikuwa amevaa barakoa, nyuma yake mtu anasukuma kitoroli cha chuma, na mtoto mmoja analia kwa nguvu zake zote. Wilbert akauliza mke wake ana nini. Nesi akasema haraka haraka, "Ana baridi yabisi, baba. Asiache dawa."

Neno yabisi Wilbert hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Kiswahili alijifunzia shuleni, na shuleni hawakufika huko. Alilolijua ni lubisi, pombe ya ndizi, ambayo hata mtoto mdogo wa Muleba anaijua kwa harufu. Akainama kwenye kitundu cha dirisha, akauliza, "Baridi ya lubisi?" Nesi, ambaye naye hakusikia vizuri, akatikisa kichwa kukubali, akaita jina linalofuata.

Kwa nyumba nyingine lingekuwa jambo la kucheka. Nyumba ya Ishengoma ilikuwa ya walokole. Marehemu baba yake Wilbert, siku aliyookoka, aliupasua kwa shoka mtumbwi wake wa kukamulia ndizi, kuni zake zikapika chai ya watu wa ushirika, na hadi leo watu wanaieleza chai ile. Jovina mwenyewe aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Na sasa hospitali imempima damu na kukuta lubisi.

Wilbert akaanza kukumbuka vitu. Asubuhi Jovina anatoka kitandani akishika ukuta, anayumba kama mtu aliyekesha ngomani. Vikombe vinamponyoka. Mchana anataka kulala. Kila alichokumbuka kilikaa mahali pake, naye akazidi kunyamaza.

*

Mama yake Wilbert, Alistidia, aliishi kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja. Kila asubuhi Jovina alivuka uwanja kwenda kumsalimia, na tangu alipoolewa alimsalimia kwa magoti, kama wanawake wa huko wanavyowasalimia wakubwa wao. Mwezi huo alikuwa akifika, anashika mwimo wa mlango, anainama hadi pale maumivu yanapomruhusu, na kusema, "Kasinge, Mae." Alistidia alikuwa anaitika huku anatazama kuku.

Siku moja alimkuta mwanawe akigeuza kahawa kwenye mkeka uani.

"Mke wako amepata kiburi. Ananisalimia amesimama kama karani wa kodi."

"Ana magoti, Mae."

"Nani hana magoti? Bibi yako nilimpigia magoti mpaka juma tulilomzika, na mimba ya ndugu yako Kyaruzi ninayo." Akaokota punje mbovu, akaitupa. "Bukoba wamesema nini? Usinizungushe. Ni ule ugonjwa wa siku hizi?"

"Siyo huo."

"Sukari?"

"Siyo."

"Basi ni ugonjwa gani huo hata mama yako hawezi kuambiwa? Nimekuzaa mimi, Wilbert. Sema."

Wilbert aligeuza kahawa iliyokwisha kugeuzwa. Kisha akasema polepole, kama mtu anayetema kitu, "Ni lubisi."

Alistidia hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye mkeka, juu ya kahawa yenyewe, jambo ambalo hakuna mtu katika nyumba ile angelifanya. "Mawe, mama yangu!" akasema. "Ndiyo maana hapigi magoti. Anaogopa akishuka hatainuka."

*

Kuanzia siku hiyo Alistidia akawa ananusa. Alinusa kikombe cha chai alicholetewa. Alinusa kata ya mtungini, na kitenge cha Jovina kwenye kamba. Jovina alimwona ananusa akadhani uzee umeanza. Alikuwa na yake ya kufikiri. Ebitoke, ndizi za kupika, zilikuwa zimemshinda kumenya. Kisu kilizunguka kwenye vidole kama samaki aliye hai, na ganda alilokuwa akilitoa mara moja sasa alilichokonoa vipande vipande. Chakula kilichelewa, na kila kilipochelewa Alistidia na Wilbert walitazamana.

Jumamosi mchana akaja Mzee Kahangwa, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye suti ya kahawia ya majira yote. Alikaa kwenye kiti kikubwa sebuleni. Jovina akachukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayotolewa kwa kila mgeni wa heshima, akakishika kwa viganja maana vidole havikufunga. Mgeni kama huyo hupewa kwa magoti. Jovina alijaribu. Goti la kulia lilishuka kidogo, la kushoto likakataa, akapepesuka, kikapu kikageuka, na buni zikatawanyika chini ya viti mpaka kwenye viatu vya mzee.

"Unaona mwenyewe, Mzee," akasema Alistidia toka kwenye mkeka wake. "Na ni saa nane mchana."

Mzee Kahangwa aliondoa viatu vyake kwenye buni polepole, akamwita Jovina kwa jina la mtoto wake. "Mama Projestus, mwanangu. Sisi hatukuja kukuhukumu. Tumekuja kukusaidia kuacha."

"Kuacha nini, Mzee?"

"Usijifiche. Hospitali haina chuki na mtu."

Jovina akamtazama mume wake. Wilbert alikuwa anatazama buni zilizotawanyika.

"Kunywa lubisi ni dhambi kama nyingine," mzee akaendelea kwa upole, na upole ule ndio uliouma. "Jumapili ya wiki ijayo utasimama mbele ya usharika, utapiga magoti, utatubu. Mpaka hapo, meza ya Bwana usiisogelee. Na kwaya upumzike kidogo."

"Na zile dawa za Bukoba?" akauliza Alistidia. "Zinamalizika. Nauli hiyo ya kwenda na kurudi kila mara?"

"Dawa ya mlevi ni kuacha," akasema mzee.

Alipoondoka, hakuna aliyemsindikiza hadi njiani ila Alistidia. Jovina alibaki sebuleni, hawezi kuinama kuokota. Wilbert ndiye aliyeinama, akaziokota buni moja moja na kuzirudisha kikapuni, mwanamume mzima anatambaa chini ya viti vyake.

"Baba Projestus," Jovina akasema. "Umewahi kunikuta nimekunywa?"

"Hapana."

"Umewahi kuninusa?"

Wilbert akakaa juu ya visigino. "Nimenusa."

"Ukapata nini?"

"Sabuni."

"Sasa?"

"Mama Projestus, wamepima damu. Mimi ningesema nini mbele ya damu? Nesi mwenyewe ametamka, baridi ya lubisi, nikauliza tena, akakubali."

Jovina alitaka kukasirika, lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni hofu. Alizaliwa Kemondo, na baba yake alikuwa mkamuaji hodari. Wakiwa watoto walichota togwa la ndizi kwa jani la mgomba, na siku nyingine togwa lile lilikuwa limeshaanza kuchacha, wakalala jua bado liko juu, wakubwa wakacheka. Akafikiri: Je, kama lilibaki? Kama lilikaa kwenye mifupa miaka yote hii, likingoja? Hakuna aliyewahi kumweleza ugonjwa wake kwa maneno. Alipewa vidonge tu. Basi akachukua maelezo aliyoyapata, na maelezo aliyoyapata yalikuwa hayo.

Akaanza kutafuta namna ya kutubu. Alichoshindwa kupata ni namna ya kupiga magoti.

*

Alhamisi aliaga kwenda kumwona mama yake Kemondo. Wilbert alikubali, mwanamke anayekwenda kutubu anayo haki ya kumwona mama yake. Jovina alikuwa amemuuza kuku wake mwekundu kwa jirani, na basi lilipofika Kemondo hakushuka, akaendelea hadi Bukoba. Alijiambia: Kama nitatubu, nitubu baada ya kusikia kwa masikio yangu. Na vidonge vimebaki vya kuhesabu kwa jicho.

Benchi la kliniki lilikuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Jovina akatazama mikono yao, akaona vidole vilivyovimba kwenye vifundo kama vyake, na vingine vimekwisha kupinda upande mmoja, kama majani yaliyopigwa na upepo. Akawaonea huruma. Mwisho wa benchi alikaa sista wa Kikatoliki, kilemba cheupe, mikono imepinda kuliko ya wote. Jovina akageuza macho haraka, asimwaibishe.

Mama aliyekaa karibu naye alikuwa mnene, mchangamfu, anakunywa maji kwa kushika chupa katikati ya viganja viwili. Alijitaja kwa jina la Judica, wa Rwamishenye.

"Wewe ni mgeni," Judica akasema. "Unakaa kama mtu anayengoja kesi."

Jovina akasogea, akanong'ona, "Dada, samahani nikikuuliza. Wewe uliacha lini?"

"Kuacha nini?"

"Kunywa."

"Chai ya maziwa? Sijaacha."

"Lubisi."

Judica akaweka chupa chini. "Lubisi gani tena, mama? Mimi nanuka lubisi?"

"Hapana, hapana! Nisamehe." Machozi yalimjaa Jovina. "Ila ugonjwa wetu ndio huo. Baridi ya lubisi. Mume wangu aliambiwa dirishani. Hata sikutaka kumtazama yule sista, maskini."

Midomo ya Judica ikatembea tu, anajaribu neno lile. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha tumboni, mpaka sista akageuka na watu wa foleni ya maabara wakageuka. Alipomwona Jovina hacheki, akakikata. Akamshika mkono, lakini juu ya kifundo cha mkono, siyo kwa vidole. Alijua pa kushika.

"Yabisi," akasema. "Sikiliza mdomo wangu. Ya-bi-si. Ni Kiswahili cha watu wa pwani huko. Kitu yabisi ni kitu kikavu, kigumu, kama udongo wa kiangazi. Vile unavyoamka asubuhi, mwili umekauka, huwezi kufunga mkono. Hivyo tu. Lubisi haimo. Hata baridi yenyewe ni jina tu, mimi ninaumwa hata jua likiwaka."

"Haimo?"

"Haimo. Hakuna ulichokunywa, hakuna aliyekuroga, hukukosa kitu." Akasogeza mdomo karibu, akaacha Kiswahili, akamweleza yote kwa Kihaya, taratibu, kama anamweleza mwanawe. Kwamba mwili una walinzi wake wanaopigana na magonjwa, na kwa watu kama wao walinzi hao wamechanganyikiwa, kama mgambo aliyeitwa usiku akamwacha mwizi na kumpiga mwenye nyumba. Wanapiga viungo. Dawa haiwafukuzi, inawatuliza, na mtu akiiacha wanarudi na marungu. "Ndiyo maana unaona vidole vyangu. Mimi nilikaa miaka natafuta mchawi. Wewe umewahi. Usiache."

Kisha akamwuliza vidonge anavimezaje, na kabla hajajibiwa akapiga paja. "Hiki cha njano ni siku moja tu kwa wiki, unasikia? Chagua siku. Mimi nimechagua ya soko ili nisisahau. Ukikimeza kila siku kitakuumiza. Na leo mwulize daktari tena mbele yangu, na uje upimwe damu anapokuambia."

"Hata mimi nakimeza siku ya soko," Jovina akasema. "Mfuko umeandikwa mara moja kwa wiki, bahati tu sikukosea."

"Bahati siyo dawa." Judica akafungua mkoba akatoa kisu cha kumenyea. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli hadi ukawa mnene kama gunzi la hindi. "Shika."

Jovina akashika. Kisu kikakaa.

Walizungumza mpaka majina yao yakaitwa. Sufuria inainuliwa kwa nguvu ya mikono yote, siyo ya vidole. Maji ya moto kwenye beseni kabla ya kazi yoyote. Siku viungo vikiwaka, pumzika. Vikipoa, tembea, usigande. Kuna wenzake wanaokutana kwake Rwamishenye kila mwezi, wanalia kidogo na kucheka sana. "Ukija, njoo na mume wako," Judica akasema. "Akae hapa kwenye benchi asikie mwenyewe. Hayo ya dirishani ndiyo yameleta lubisi."

Daktari alipoulizwa, alisema yale yale kwa maneno machache zaidi.

*

"Yabisi," Wilbert akarudia. Walikuwa shambani, Jovina amekaa juu ya gogo. Aliirudia tena, akaigeuza. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayetambua amevaa shati la mtu mwingine.

"Utamwambia Mzee Kahangwa," Jovina akasema.

"Nitamwambia. Nitakwenda kwake."

"Siyo kwake. Jumapili, mbele ya watu. Wameshasikia wote."

Wilbert akakata jani kavu ambalo halikumkosea kitu. "Watanicheka, Mama Projestus. Usharika mzima. Ishengoma hajui Kiswahili. Nitaitwa Lubisi mpaka nife, na mtoto wangu shuleni ataitwa hivyo."

"Mimi nimeitwa mlevi."

Wilbert alimenyea ng'ombe shina la mgomba, akakusanya vifaa, akatangulia nyumbani. Jovina akabaki kwenye gogo akisubiri magoti yakubali.

*

Jumapili kanisa lilijaa, maana habari ya kutubu hujaza kanisa. Mchungaji alikuwa na mitaa mingi, siku hiyo hakuwapo. Mzee Kahangwa ndiye aliyesimamia. Kwaya iliimba bila Jovina, na sauti ya pili ilisikika imepwaya. Alipoitwa, alitembea katikati ya mabenchi kwa hatua za asubuhi, zile za kuyumba. Nyuma mtu akaguna.

"Piga magoti, mwanangu," akasema mzee.

"Siwezi, Mzee."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Na sina cha kutubu."

Minong'ono ikapanda. Alistidia, benchi la mbele, alifunika uso kwa kitambaa. Jovina hakugeuka kutazama upande wa wanaume. Alisimama tu, mikono yake imening'inia, ikionekana na kila mtu.

Benchi likalia. Wilbert alikuwa amesimama. Alikaa hivyo kitambo, kofia mkononi, mpaka watu wakadhani anataka kutoka nje.

"Neno lenyewe nililileta mimi," akasema. "Nesi alisema yabisi. Mimi nikasikia lubisi."

Kijana mmoja wa kwaya akapasuka kucheka, akafuatwa na wa pili, na kicheko kikapita kanisani kama moto wa nyasi. Mtu akasema, "Mungu wangu, lubisi!" na wengine wakaangua tena. Wilbert hakukaa. Aliacha wamcheke, jasho linamtiririka shingoni, mpaka wakachoka.

Mzee Kahangwa hakucheka. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. "Sasa hiyo yabisi ni nini?"

Wilbert akamtazama mkewe.

Basi Jovina akaeleza. Alieleza kwa Kihaya, kama alivyoelezwa: ugumu wa asubuhi, na mgambo anayempiga mwenye nyumba. Akaeleza vidonge, na kwamba hauponi lakini unatulizwa, na kwamba ukichelewa vidole hupinda na havirudi. Akainua mikono yake juu waione vifundo.

"Na kidole gumba, nacho kinavimba hivi?" sauti ikauliza toka nyuma. Alikuwa bibi Gaudiosa, mjane ambaye watu walisema amelogwa na wifi yake. Alikuwa ameinua mkono.

"Nacho, bibi."

Mkono mwingine ukainuka upande wa kwaya, wa mwalimu wa shule. Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na mlango aliinua wake nusu, akaushusha, kisha akauinua tena. Mzee Kahangwa alitazama mikono ile, akatazama kitabu chake cha ibada, na hakuona ukurasa wa jambo hilo. Alistidia peke yake alikaa ameikalia mikono yake, anatazama mbele.

Njiani kurudi nyumbani, mtoto mmoja juu ya mti wa mpera akaita, "Lubisi!" Wilbert akatembea tu.

*

Kesho yake Jovina aliamka mwili umekauka kama siku zote. Alikaa na mikono kwenye beseni la maji ya moto mpaka ikafunguka kidogo, akachemsha chai, akavuka uwanja akiwa amebeba kikombe katikati ya viganja viwili. Kulikuwa na ukungu. Alistidia alikuwa kwenye mkeka wake mlangoni, amenyoosha miguu, anangoja kusalimiwa.

Jovina akasimama mbele yake. Hakujua afanye nini na magoti yake, na mkwewe hakumsaidia. Alitazama kuku, kisha migomba, kisha kuku tena.

"Nimesikia ya kanisani," mwisho Alistidia akasema. "Lakini mimi ni mtu wa zamani. Salamu ya kusimama sijui kuiitikia."

"Najua, Mae."

Alistidia akakisukuma kwa kisigino kigoda cha kumenyea ndizi, mpaka kikafika kwenye miguu ya Jovina.

"Kaa basi."

Jovina akajishusha polepole, akishika mwimo, akakaa. Nyuso zao zikawa sawasawa.

"Kasinge, Mae."

Alistidia akaitika, na safari hii alimtazama. Akapokea kikombe, kwa viganja viwili, na Jovina akaona kwamba vidole vya yule bibi navyo havikufunga. Alistidia akakinusa, kwa mazoea. Kisha akanywa.